Ukitaka Muziki katika Gari Lako la Zamani

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Maneno haya yafaa yaandikwe juu ya mlango wa kila gereji. Maana wako watu waliorithi gari zuri kwa wazazi wao, wakalitunza miaka mingi kwa jasho lao, kisha wakaliharibu kwa mchana mmoja tu kwa sababu walitaka muziki.

Ndugu msomaji, kutaka muziki si kosa. Safari ni ndefu, na wimbo mzuri hupunguza uchovu. Lakini gari la zamani halikuumbwa kwa redio za leo, na anayelilazimisha huweza kulitoboa bati lisilopatikana tena, au kulichoma moto. Ndiyo maana leo twataka kueleza jambo hili polepole, ili wewe mwenye gari uweze kumwongoza fundi wako, wala si kusimama kando na kutazama.

Tuseme unakaa Kizimbani, katika mashamba ya viungo ya Unguja. Mahali hapa pana sifa ya kale. Karafuu zilipoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, shamba la Kizimbani lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuzipanda. Hamamu ya mawe ya zama zile ingalipo, na hapo pana chuo cha kilimo ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tuseme pia kwamba marehemu baba yako amekuachia Morris Minor ya mwaka 1959. Ndilo gari lililompeleka mama yako mjini kujifungua wewe na ndugu zako, na hata leo mama hapendi kupanda jingine.

Sasa mjomba wako amerudi kutoka Maskati, amekuletea redio mpya na spika nne ndani ya boksi lenye picha za radi, na juu yake pameandikwa wati 200. Fundi amekwisha fika na drili mkononi. Anasema, "Bwana, saa mbili tu, kazi imekwisha." Mwambie angoje. Mpe kikombe cha chai, nawe usome haya kwanza.

REDIO ILIVYOINGIA GARINI

Mwaka 1930 ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, huko Chicago, Marekani, walianza kuuza redio ya gari waliyoiita Motorola. Miaka miwili baadaye kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ikatoa ya kwake. Redio zile zilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, zikitumia vali za kioo ambazo hazitoi sauti mpaka zipate moto. Mwaka 1955 ikaja redio ya gari yenye transista badala ya vali, ndogo na isiyokula umeme mwingi. Mwaka 1963 Philips wakatoa kaseti. Mwaka 1965 Ford wakaanza kuuza magari yenye mashine ya kanda ya sterio.

Angalia miaka hiyo, utaona shida yako iko wapi. Morris Minor ilitengenezwa Uingereza tangu 1948 hadi 1971, na yalitoka zaidi ya milioni moja na nusu. Lakini gari la mwaka 1959 lilitoka kiwandani kabla ya kaseti na kabla ya sterio ya magari. Aliyelichora alifikiri labda mwenyewe atapenda redio moja na spika moja. Hakuacha nafasi ya spika nne, wala hakuacha umeme wa kuzilisha.

TAZAMA BETRI KABLA YA KUGUSA WAYA

Betri ina ncha mbili, ya kujumlisha na ya kutoa. Ncha moja hufungwa kwenye bodi ya gari, na bodi nzima huwa kama waya wa kurudishia umeme. Mafundi huita hiyo ethi. Magari karibu yote ya leo hufunga ncha ya kutoa kwenye bodi. Lakini Morris Minor, na Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zilifungwa kinyume: ncha ya kujumlisha ndiyo iliyo kwenye bodi.

Hapa ndipo redio nyingi hufa na magari mengine hushika moto. Redio ya leo ina ganda la chuma lililounganishwa na upande wa kutoa. Fundi mwerevu aweza kugeuza nyaya zake mbili, na redio ikaimba vizuri juu ya meza. Lakini ganda lile likigusa dashibodi ya chuma, pande mbili za betri zimekutana pasipo kitu katikati. Cheche hutoka, waya huwa mwekundu, na moshi hufuata. Hata ukilifunika ganda kwa mpira, aeriali nayo huweza kukukamata, kwa sababu kifuniko cha waya wake kimeunganishwa na ganda, na mguu wake umekaa juu ya bodi.

Basi unazo njia tatu. Ya kwanza ni kuligeuza gari zima liwe na ethi ya upande wa kutoa. Betri hugeuzwa, na vibano vyake hubadilishwa kwa kuwa ncha ya kujumlisha ni nene kuliko ya kutoa. Nyaya mbili ndogo za koili hubadilishana, na dainamo hufundishwa upya upande wake kabla injini haijawashwa. Kazi hii haihitaji kukata kitu, na yaweza kurudishwa kama ilivyokuwa. Lakini umpe fundi umeme wa magari aliyekwisha kuifanya, si mwenye kubahatisha. Kama gari lina redio yake ya zamani, iondolewe kwanza, maana baadhi yake haziwezi kugeuzwa hivi hivi. Tena redio ya vali ina umeme mkali ndani yake, yapata volti 200, basi usiifungue mwenyewe.

Njia ya pili ni kuiweka redio ndani ya sanduku la mbao isiguse chuma popote, pamoja na aeriali isiyogusa bodi. Yawezekana, lakini hitilafu moja ndogo yatosha kuleta balaa.

Njia ya tatu ni nyepesi kuliko zote: spika ya kubebeka yenye betri yake yenyewe, inayopokea nyimbo kutoka simu yako kwa Bluetooth. Haigusi umeme wa gari hata kidogo. Ifunge kwa mkanda tu, isije ikaruka na kumpiga mtu kichwani ukikanyaga breki. Wako wanaoidharau njia hii kwa sababu haina fahari. Lakini kwa gari la miaka zaidi ya 60, mara nyingi ndiyo iliyo bora.

Mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe atazame jambo jingine. Nyingi za kabla ya mwaka 1967 zina umeme wa volti 6 tu, na redio ya volti 12 haitafanya kazi humo.

HESABU YA UMEME

Watu wengi hutazama wati zilizoandikwa kwenye boksi, wala hawatazami gari litazitoa wapi. Hesabu yake ni rahisi. Wati ni volti mara ampea. Dainamo ya Morris ya miaka hiyo hutoa ampea 19 mpaka 22, tena injini ikienda kasi. Injini ikiwa imesimama pole pole njiani, dainamo haitoi karibu chochote, na kila kitu hula kutoka kwenye betri.

Sasa fikiri unarudi Kizimbani usiku wa masika, mvua inanyesha. Taa mbili kubwa hula ampea 7 hivi. Koili ya injini hula 3 au 4. Waipa hula 2 au 3. Ongeza taa ndogo, za nyuma na za breki. Kilichobaki ni kidogo, na betri nayo yataka kujazwa. Redio ya kawaida ikisikilizwa kwa kiasi hutaka ampea 2 au 3, na gari litaweza. Lakini ukiongeza mashine kubwa ya kukuza sauti inayotaka ampea 20 au 30, utaimba usiku mmoja, na asubuhi utaomba majirani wakusukume.

Hizo wati 200 za kwenye boksi zisikutishe wala zisikudanganye. Mara nyingi ni kipimo cha kishindo cha nukta moja. Nguvu ya kudumu ya redio ya kawaida ni yapata wati 15 mpaka 20 kwa kila spika, nazo zatosha kabisa katika chumba kidogo kama cha Morris.

Neno jingine kwa anayepewa redio iliyong'olewa katika gari lililoletwa kutoka Japani. Stesheni za FM za Japani huanza megahezi 76, na redio nyingi za huko hazipandi juu ya 90 au 95. Za kwetu zimetandaa mpaka 108. Redio hiyo itakupa sehemu tu ya stesheni zetu, hata uiwekee spika za dhahabu.

FYUZI NDIYO BIMA YAKO

Kama umeamua kuweka redio ndani, usichukue umeme kutoka nyaya za zamani. Nyingi zilifunikwa kwa mpira na pamba, na kwa umri wake hupasuka ukizipinda. Vuta waya mpya kutoka kwenye betri, wenye unene wa milimita mraba 2.5, na kwenye waya huo weka fyuzi ya ampea 10. Fyuzi hiyo iwe karibu na betri, isizidi dhiraa moja, yaani toka kiwiko mpaka ncha ya kidole.

Kwa nini karibu? Kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Ukiiweka huko kwenye redio, na waya ukichunika unapopenya bati la injini, umeme wote wa betri utapita hapo na fyuzi haitajua habari. Kila tundu ambalo waya unapita liwekewe kiringi cha mpira, maana njia za mashamba zina mtikisiko, na makali ya bati hukata polepole kama msumeno. Mpaka zimamoto watoke mjini na kufika shamba, gari lako litakuwa majivu. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo sana. Inunue kabla ya spika.

USITOBOE

Sasa tuzungumze juu ya drili. Fundi atataka kukata milango, kwa kuwa ndivyo magari ya leo yalivyo. Mkatalie, kwa sababu mbili.

Kwanza, mlango wa gari si pakavu. Mvua hupenya kwenye ufa wa kioo, hushuka ndani ya mlango, na kutokea chini kwenye vitundu. Spika iliyowekwa humo pasipo kinga hunyeshewa kila masika na kila vuli. Pili, tundu likikatwa halirudi. Nairobi kuna mashindano ya magari mazuri, Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, na katika mashindano ya namna hiyo gari la zamani husifiwa kwa kubaki kama lilivyotoka kiwandani. Wewe labda hutakwenda Nairobi. Lakini siku ukitaka kuliuza, au mwanao akitaka kulirudisha lilivyokuwa, mlango uliokatwa utakuwa hasara.

Wala mtu asikuambie, "Basi tupige skurubu kwenye sakafu ya buti." Chini ya sakafu ya buti ya Morris Minor ndipo lilipo tangi la petroli. Skurubu moja ndefu yatosha kuleta msiba.

Tumia seremala badala ya drili. Chini ya dashibodi ya Morris pana rafu pana. Mwambie seremala akutengenezee kisanduku cha mbao cha kulala juu ya rafu hiyo, chenye spika mbili, moja kila upande, na redio katikati. Mfenesi ni mti mzuri, na Unguja watu wamechonga vyombo vyake tangu zamani. Mbao ziungwe kwa gundi pasiwe na ufa, maana sauti nzito huvuja kwenye ufa kama maji. Chini yake gundisha kitambaa kinene kisikwaruze rangi, kisha kifungwe kwa mikanda kwenye matundu yaliyopo tangu kiwandani. Siku ukitaka, unakitoa chote kwa robo saa, na gari la baba ni lile lile.

Spika zenyewe chagua zenye koni ya plastiki badala ya karatasi. Hewa ya Unguja ina unyevu na chumvi ya bahari. Karatasi hunywa unyevu, hulegea na kuota ukungu. Viungo vya nyaya navyo vitiwe risasi vizuri na kufunikwa, visije vikaota kutu ya kijani.

MASIKIO MAWILI

Maana ya sterio ni hii. Mungu ametupa masikio mawili, na kwa tofauti ndogo ya sauti inayofika huku na huku twajua ng'oma iko wapi na fidla iko wapi. Spika mbili, kila moja na sauti yake, huigiza jambo hilo. Lakini dereva wa Unguja hukaa kulia, karibu na spika ya kulia, na hiyo humzidia. Geuza kitufe cha kusawazisha uongeze kidogo upande wa kushoto, utasikia waimbaji wamekaa sawa mbele yako.

Kila spika ina ncha mbili, na spika zote lazima ziungwe upande mmoja. Ukiigeuza moja, hii itasukuma hewa wakati ile inavuta, na sauti nzito zitauana. Wengi hupata muziki mwembamba, wakalaumu spika na kununua nyingine bure. Kujua upande, chukua jiwe moja la tochi la volti 1.5. Gusisha nyaya za spika kwa nukta moja tu. Koni ikiruka nje, ncha iliyoguswa na upande wa kujumlisha wa jiwe ndiyo ya kujumlisha. Itie alama.

Tena nyaya za spika zisiguse bodi ya gari kamwe, wala wa kushoto usiunganishwe na wa kulia. Zamani fundi aliweza kutumia bodi kama waya wa pili wa spika. Ukifanya hivyo kwa redio ya leo, utaiua siku hiyo hiyo.

Na kama upendacho ni taarabu ya zamani, jua jambo hili. Siti binti Saad aliporekodi sahani zake Bombay mwaka 1928, sauti yote iliingia katika mfereo mmoja. Hata ukiweka spika nne, zote zitasema neno lile lile. Kwa nyimbo hizo spika moja nzuri yatosha, na fedha iliyobaki ikanunue matairi.

KELELE ZA DAINAMO

Baada ya kazi huenda ukasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini. Huo watoka kwenye dainamo. Tenga nyaya za redio mbali na za dainamo, na umwambie fundi aweke kondensa ya mikrofaradi 1 kwenye ncha kubwa ya dainamo iliyoandikwa D. Asiweke kwenye ncha ndogo iliyoandikwa F, maana ataharibu kazi ya kujaza betri. Kama ni mlio wa tatata, watoka kwenye koili. Kondensa yake iwekwe upande wa swichi, wala si upande wa platini.

SAUTI NA JIRANI

Jambo la mwisho si la umeme. Wataalamu wa usalama kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa muda wa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, na kwa 100 ni robo saa tu. Chumba cha gari ni kidogo, na spika mbili hufika huko kwa urahisi. Sikio likishaharibika kwa kelele haliponi, na watoto wanaokaa mbele ya spika hawawezi kujitetea.

Tena barabara ya shamba ina watu wake. Kuna gari la ng'ombe mbele ya kona, mwenye baiskeli aliyebeba nyasi, watoto wa skuli, na msimu wa karafuu kuna majamvi yaliyoanikwa kando ya njia. Breki za gari la mwaka 1959 hazishiki upesi kama za gari la leo. Wahitaji kusikia mapema ili usimame mapema. Kwa hiyo kipimo chako kiwe hiki: muziki ukicheza na vioo vikiwa vimefunguliwa, mama aliyekaa kiti cha nyuma akikuita kwa sauti yake ya kawaida, umsikie. Usipomsikia, punguza.

Na ukipita msikitini wakati wa sala, au kanisani, au penye matanga, zima kabisa. Hakuna sheria inayohitajika kutufundisha hilo.

Haya basi, chai ya fundi imekwisha. Mtume kwanza akatazame ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Kisha mpigie hodi seremala. Drili na irudi sandukuni.